Tumehamia Mtaa Mpya: Afya ya Mama na Mtoto Pembezoni mwa Mji

Leo tunazungumza na wewe mama uliyehamia mtaa mpya nje ya mji, au unayepanga kuhama. Tunazungumza pia na nyanya, shangazi na dada anayekusaidia kazi, kwa sababu wao ndio wanaobaki na watoto mchana kutwa.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika utapita Ruiru na Juja. Ukishika barabara ya Mombasa utapita Syokimau na Mlolongo, kisha ukiingia barabara ya Namanga utafika Kitengela. Barabara ya Kangundo itakupeleka Kamulu na Joska. Sehemu nyingi za huko zilikuwa malisho ya ng'ombe au mashamba ya kahawa. Leo ni nyumba za mawe na za mabati, nyingine zimekwisha na nyingine zimefika dirishani zikangoja pesa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Kufikia mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni jamaa waliotoka mjini kutafuta mahali pa kuweka kichwa.

Nasi hatuwalaumu. Kodi ya mjini ni kubwa na chumba ni kimoja. Mtu akipata ploti yake, au nyumba ya vyumba viwili kwa kodi ile ile aliyokuwa akilipia chumba kimoja, anashukuru Mungu na kufunga vyombo. Watoto wanapata mahali pa kukimbia. Mama anapata mahali pa kupanda sukuma wiki.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila mama anapaswa kulijua kabla lori la kuhamia halijafika. Katika mtaa mpya nyumba hutangulia, na huduma hufuata nyuma, pengine baada ya miaka mingi. Hakuna bomba la maji la kaunti. Hakuna mfereji wa maji taka. Zahanati iko mbali, na barabara ni ya udongo. Mambo ambayo mjini mwenye nyumba au serikali ilikufanyia, hapa ni juu yako. Kwa hivyo ujumbe wetu wa leo ni huu: usingoje ugonjwa ndio ukufundishe mtaa wako. Jifunze maji yako, choo chako, njia yako ya hospitali na majirani zako mapema, wakati watoto wangali wazima.

Tuanze na maji.

Mitaa hii mipya hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, malori ya maji, na wachuuzi wa mikokoteni ya punda. Wengine wana visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono. Jambo la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba au mchuuzi ni hili: maji haya yametoka wapi? Lori linaweza kuwa safi kwa nje na maji yakawa yamechotwa mtoni. Ukishajua maji yanakotoka, jua pia kwamba yana hatari za aina mbili, na kila moja ina dawa yake.

Hatari ya kwanza ni vijidudu vinavyoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Wengi wetu tunakumbuka kwamba mwezi wa Oktoba mwaka 2022 kipindupindu kilitangazwa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Nairobi, Kiambu na Kajiado. Vijidudu hivi vinakufa ukichemsha maji mpaka yatokote vizuri, au ukitia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na matope, yaache yatulie kwanza na uyachuje kwa kitambaa safi. Kisha yaweke katika chombo chenye kifuniko na mfereji. Mtoto akitumbukiza kikombe na mkono ndani ya ndoo, kazi yote ya kuchemsha imepotea.

Hatari ya pili ni madini ya floraidi. Haya hutoka kwenye mawe ya volkano chini ya ardhi, na visima virefu vya Bonde la Ufa na vya baadhi ya sehemu zinazozunguka Nairobi huwa nayo mengi. Floraidi haina rangi wala harufu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisipitwe ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kabla ya kufika umri wa miaka minane, meno yake ya ukubwani humea yakiwa na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa kupiga mswaki. Maji yakiwa na floraidi nyingi sana, na mtu akiyanywa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi hubaki pale pale, kwa hivyo yale yaliyobaki yana nyingi zaidi. Klorini nayo haiiondoi. Dawa yake ni kutumia maji mengine kwa kunywa na kupikia, au chujio maalum kama zile za mkaa wa mifupa. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha. Ikiwa una paa la mabati, weka mfereji wa paa na tangi lenye kifuniko. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ukinge. Hayo yawe ya watoto kunywa, baada ya kuyachemsha. Ya kisima yawe ya kufua na kuosha nyumba.

Utajuaje kama kisima chako kina floraidi? Mwenye kisima kirefu anapaswa kuwa na karatasi ya maabara iliyoandikwa maji yalipopimwa. Mwombe akuonyeshe. Kama hana, nendeni mkiwa majirani kadhaa kwa afisa wa afya ya umma, naye atawaelekeza maji yanakoweza kupimwa. Watu kumi wakichangia gharama ya kupima, haiwi mzigo kwa mmoja.

Na kwa mama mwenye mtoto mchanga kuna habari njema. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi. Tena hayana vijidudu vya kisimani. Mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza amekingwa na hatari zote mbili. Hata siku za joto kali haitaji maji ya kunywa. Anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi.

Sasa tuje kwenye choo.

Ploti nyingi zinazouzwa katika mitaa hii ni za futi 50 kwa 100. Ukizipima kwa mita, ni kama 15 kwa 30. Wataalamu wa afya ya umma hushauri kisima kiwe umbali wa mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Fikiria basi: hata ukiweka choo pembe moja na kisima pembe ya mwisho, umefika mita 30 kwa shida. Na je, jirani wa nyuma ameweka choo chake wapi? Pengine kiko ng'ambo tu ya ua, hatua tano kutoka kwenye kisima chako. Maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa ploti.

Ndiyo maana kisima kifupi katikati ya ploti ndogo ndogo si cha kuaminiwa, hata kama maji yake ni meupe na matamu. Kama unajenga, zungumza na jirani kabla ya kuchimba. Kaeni chini mkubaliane vyoo vikae upande gani. Kama umepanga, kisima kifupi kiwe cha kufulia tu, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine. Mvua kubwa ikinyesha, ongeza tahadhari. Katika mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024 maji yaliingia majumbani katika maeneo ya Athi River na Kitengela. Maji ya mafuriko yakipita juu ya choo kisha yakaingia kisimani, kisima hicho kisitumiwe kwa kunywa mpaka kisafishwe na kutiwa dawa na watu wanaojua kazi hiyo.

Na mashimo yenyewe yafunikwe. Shimo la choo lililochimbwa likangoja pesa, msingi wa nyumba uliojaa maji ya mvua, timbo la mawe lililoachwa wazi, tangi la chini lisilo na kifuniko: hivi ni vitu vinavyoua watoto katika mitaa mipya. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwako, tena bila kupiga kelele. Siku ya kwanza unapohamia, zunguka mita mia moja kila upande wa nyumba ukitazama kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu. Shimo ukiliona, mwone mwenye ploti lifunikwe. Kama mwenyewe hapatikani, mwone mzee wa mtaa au chifu.

Tuitazame nyumba yenyewe pia. Wengi huhamia kabla nyumba haijakwisha. Plasta haijakauka, na mwezi wa Julai baridi ni kali. Mama anaona mtoto anatetemeka, anaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Mpenzi msikilizaji, usifanye hivyo kamwe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala hawaamki. Jiko likae nje. Mtoto avikwe nguo za kutosha, soksi na kofia, na alale karibu na blanketi la ziada.

Sasa tuzungumzie njia ya kwenda hospitali.

Tuseme ni saa nane usiku. Mtoto wako wa miezi kumi ameharisha mara saba tangu jioni. Anatapika kila anachopewa. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, na sasa hata kunyonya anakataa. Baba mtoto yuko kazini zamu ya usiku. Matatu ya mwisho iliondoka steji saa nne. Mvua imenyesha, na udongo mweusi wa kwenu ukishika mvua hata pikipiki haipiti. Utafanya nini?

Kama swali hilo unalijibu kwa mara ya kwanza usiku huo huo, umechelewa. Kwa hivyo tulijibu sasa mchana.

Kwanza, jua zahanati iliyo karibu na saa zake za kufungua. Nyingi hufungwa jioni na mwisho wa wiki. Kwa hivyo jua pia ni hospitali gani iliyo wazi usiku kucha. Nenda huko kwa miguu yako wakati mtoto ni mzima, ili ujue lango na mahali pa kuanzia.

Pili, uwe na nambari za simu za wanabodaboda wawili na mwenye gari mmoja mnaofahamiana, na uwaulize mapema kama wanakubali kuamshwa usiku. Muwe mmekubaliana bei mchana. Weka akiba kidogo ya safari mahali ambapo haiguswi kwa unga wala kwa karo.

Tatu, jifunze kuelekeza mtu nyumbani kwako. Mitaa mipya haina majina ya barabara wala nambari za milango. Andika kwenye karatasi: kutoka steji fulani, pita kanisa, ingia kushoto penye tangi refu, geti la rangi fulani. Ibandike ukutani, ili hata dada anayebaki na mtoto aweze kuisoma kwenye simu.

Nne, uwe na pakiti za maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, ndani ya nyumba. Mtoto akianza kuhara usingoje asubuhi. Koroga kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, ambavyo humezwa kwa siku 10 hadi 14. Usiache kumpa hata kama kuhara kumekoma. Lakini mtoto asipoweza kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea au kulala asiamke, akihara damu, au akipumua kwa kasi na kifua kikiingia ndani, ORS peke yake haitoshi. Huyo ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo, ukiendelea kumpa maji njiani kama anaweza kumeza.

Mama mjamzito naye ana hesabu yake. Kama tarehe yako ya kujifungua inaangukia mvua za Aprili au za Novemba, na barabara yenu haipitiki, panga kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla. Zungumza na mumeo mapema. Uchungu ukishaanza si wakati wa kusukuma gari matopeni.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama waliohama hulisahau, nalo ni chanjo. Zahanati uliyoizoea imebaki mjini. Nauli ni ghali, mwezi unapita, na chanjo inapita nayo. Kijitabu cha mama na mtoto kinakubaliwa katika kituo chochote cha serikali nchini, uwe Kiambu, Machakos au Kajiado. Kifungue leo uangalie. Mtoto anapaswa kuwa amechanjwa alipozaliwa, akiwa na wiki 6, 10 na 14, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9, kisha tena miezi 18. Hii ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika sana. Kama umekosa moja, usiogope kugombezwa. Nenda, muuguzi atakupangia.

Kumbuka pia kwamba tangu Oktoba mwaka 2024 bima ya NHIF haipo tena, na nafasi yake ilichukuliwa na SHA. Kama hujajiandikisha wewe na watoto wako, piga *147# kwenye simu yako, au uombe msaada katika kituo cha afya. Fanya hivyo kabla ya kuugua, si ukiwa dirishani mwa hospitali na mtoto mikononi.

Jambo la mwisho, mpenzi msikilizaji, halionekani kwa macho. Ni upweke.

Mjini ulilalamika kwamba majirani wanakusikia hata ukikohoa. Huku kuna nyumba tatu katika uwanja mzima, na mbili hazina watu. Mumeo anaondoka saa kumi alfajiri kuepuka msongamano wa magari, anarudi saa tatu usiku watoto wamelala. Mama aliyejifungua juzi anakaa peke yake kuanzia giza hadi giza. Mama yake mzazi yuko mashambani, wifi yuko mjini. Siku za kwanza baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu, na hilo hupita. Lakini ikizidi wiki mbili, ukawa huli, hulali hata mtoto akilala, huna hamu naye, au unapata mawazo ya kujiumiza au kumuumiza, huo ni ugonjwa. Si uvivu wala si kurogwa, na una matibabu. Mwambie muuguzi siku ya kliniki kwa maneno wazi. Wewe baba unayetusikiliza, ukiona dalili hizo usimkemee mkeo. Mpeleke, na umwite mtu wa kwao aje akae naye.

Dawa kubwa ya upweke ni majirani, nao hawaji wenyewe. Bisha hodi. Mama mboga wa njia panda anajua nyumba gani ina mtoto mchanga na nani ni muuguzi. Uliza pia mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu ni nani. Mwaka 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu laki moja nchi nzima, na kila mmoja amepangiwa kama nyumba mia moja. Lakini nyumba iliyojengwa juzi huenda haimo katika orodha yake. Mtafute akuandike.

Mkishakuwa majirani kumi mnaojuana, mnaweza kufanya mambo ambayo mtu mmoja hawezi. Mtapima maji. Mtamwaga kokoto mahali pabaya pa barabara. Tena mtakwenda pamoja kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti kuuliza zahanati itajengwa lini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya huduma za afya na maji safi ya kutosha. Haki hiyo haikuachwa mjini ulipohama, lakini mwakilishi wa wadi hawezi kuombea mtaa ambao hajui una watoto wangapi. Mhesabu, mumpelekee hesabu.

Kwa hivyo mama, wiki hii fanya mambo haya. Uliza maji yako yanatoka wapi. Zunguka nyumba uone mashimo. Nenda mpaka zahanati na urudi. Andika nambari za simu na maelekezo ya nyumba yako, uyabandike ukutani. Nunua ORS. Fungua kijitabu cha mtoto. Na ubishe hodi kwa jirani mmoja ambaye bado hujamjua jina.

Mweleze na mwenzako ambaye hakupata nafasi ya kusikia. Mpaka wiki ijayo, tuwatunze watoto, nasi tujitunze.